Mpambe wa Msanii: Nani Aliyewavisha Waimbaji wa Jinja na Mbale?



Wiki chache zilizopita alinitembelea shuleni binti mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa nyuma. Siku hizi anaishi Jinja, na kazi yake ni kuwavisha waimbaji. Huwachagulia nguo za jukwaani, huzitafuta, huzirekebisha, kisha husimama nyuma ya pazia akiwa na sindano na pini mpaka wimbo wa mwisho uishe. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo.

"Mwalimu," alisema, "kazi yangu inaitwaje kwa Kiswahili? Nikijaza fomu naandika 'fundi cherehani', nao wananiuliza cherehani yangu iko wapi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nikamtajia "mbunifu wa mavazi", akakataa, kwa kuwa mbunifu hubuni nguo mpya, ilhali yeye mara nyingi hutumia nguo zilizokwisha kushonwa. Nikamtajia "mwanamitindo", akasema huyo ni yule anayevaa nguo na kupita mbele ya watazamaji. Kisha akanisimulia jambo lililonikaa moyoni. Mwimbaji aliyemvisha kwa onyesho moja huko Mbale alisifiwa sana kwa vazi lake, na picha zake zikasambaa. Mpiga picha alitajwa, msusi alitajwa, yeye hakutajwa. Ujira wake ulicheleweshwa mpaka akachoka kudai. "Kitu kisicho na jina, Mwalimu, hakina bei," alisema.

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwenu nyote mnaojifunza lugha hii. Nataka kuonyesha kwamba kazi yake ni kongwe kuliko majina ya kigeni inayoitwa leo. Kwamba katika kila zama kuna mtu aliyetaka kuamua msanii avae nini. Na kwamba yule aliyeshika sindano alisahauliwa karibu kila mara.

Kabla ya cherehani

Tuanzie Mbale. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaaba, ambao wengi huwaita Wagisu, huendesha imbalu, yaani jando lao. Uzinduzi wake hufanyika mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji. Vijana wanaokwenda kutahiriwa hucheza kwa siku kadhaa wakizungukia jamaa zao, huku ngoma za kadodi zikirindima. Mtazame mmoja wao. Shanga zimepishana kifuani, kengele zimefungwa mapajani, ngozi ya mbega iko kichwani, na uso umepakwa unga. Hakuna hata kimoja alichokivaa kwa kubahatisha. Kengele zile ni vazi na ni ala ya muziki kwa wakati mmoja: akikosea hatua, mlio wake humsaliti mbele ya umati. Mapambo mengine huazimwa kwa jamaa, na hurudishwa shughuli ikiisha.

Hapa tunaona kanuni ya kwanza ya sanaa ya kumvisha mchezaji, nayo haikutoka Ulaya wala Marekani. Vazi la jukwaani halitazamwi tu. Hutembea, hulia, na humweleza mtu kabla hajafumbua kinywa. Jamaa anayemfunga kijana kengele mapajani anajua zikibana zitamchubua na zikilegea zitaanguka. Binti aliyenitembelea anajua jambo hilohilo kuhusu mkanda wenye vipande vya chuma anaomfunga mwimbaji kiunoni.

Sasa tushuke Busoga. Huko kuna bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu. Tarumbeta tano au zaidi hupigwa pamoja, kila moja ikitoa sauti moja tu, na wapigaji hupokezana sauti hizo mpaka wimbo ukamilike. Wachezaji huwazunguka wapiga ngoma wakiyumbisha viuno polepole na kuinua mikono. Muziki huu uliambatana na sherehe za kifalme, kama vile kutawazwa na mazishi ya watawala, na kwa hiyo waliouhudumia walikuwa chini ya kivuli cha ikulu. Katika eneo hili la kusini mwa Uganda, kabla ya nguo za pamba kuenea, kitambaa cha heshima kilikuwa magome ya mti wa mutuba, yaliyopondwa kwa nyundo za mbao mpaka yakalainika. Ufundi huo wa magome, kama unavyotendwa na jirani zetu Waganda, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Katiba ya mwaka 1967 ilipofuta falme nchini, bigwala ilipoteza mlezi wake. Falme zilirejeshwa mwaka 1993, lakini robo karne ilikuwa imepita. UNESCO ilipoiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura mwaka 2012, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne tu. Zingatieni somo hili la uraia: sheria iliyoandikwa kwa ajili ya siasa ilikwenda kuwagusa wapiga vibuyu ambao hawakutajwa ndani yake hata kwa neno moja.

Kanzu, gomesi na pamba

Mnamo miaka ya 1840, wafanyabiashara kutoka pwani ya Waswahili waliifikia ikulu ya Kabaka Suuna II huko Buganda. Walileta vitambaa miongoni mwa bidhaa zao. Katika enzi ya mwanawe, Mutesa I, kanzu ikawa vazi la wakubwa wa ikulu. Neno lenyewe "kanzu" ni la Kiswahili, nanyi mnalitumia bila kujua kwamba lilisafiri kwa miguu kutoka Bahari ya Hindi. Mji wa Mbale ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuja mashariki na wafuasi wake. Waswahili, Waarabu na Wahindi wakaja kufanya biashara. Hivyo katika soko moja kulikutana ngozi ya mbega, kanzu ya pwani na kitambaa cha Bombay.

Kwa kuwa tumetaja pwani, na tutazame kidogo Zanzibar. Baada ya utumwa kufutwa kisheria huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezoea kuvaa kaniki na merikani, vitambaa vya watu wasio na hadhi, walianza kuvaa kanga za rangi. Vazi likatangaza kwamba aliyelivaa ni mtu huru. Kutoka katika mazingira hayo akainuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa katika familia maskini ya shamba, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Inasimuliwa kwamba aliimba akiwa amefunika uso kwa nguo. Wengine wanasema ni staha, wengine wanasema ni jibu kwa waliobeza sura yake. Vyovyote iwavyo, waliomsikiliza walilazimika kuishughulikia sauti kwanza. Huo nao ni uamuzi wa mavazi, tena wa mtu anayeijua hadhira yake.

Turudi kwetu. Vazi la heshima la mwanamke wa Buganda na Busoga ni gomesi, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Simulizi iliyoenea inasema kwamba lilishonwa na fundi kutoka Goa aitwaye Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905. Wapo wanaobishana kuhusu mwaka na mazingira, lakini jina halina ubishi. Nalipenda jina hilo kwa sababu moja. Kati ya mafundi wote waliowahi kuivisha nchi yetu, ni nadra kumpata mwingine ambaye jina lake limeshonwa ndani ya nguo yenyewe. Waimbaji wa kwaya, wacheza ngoma za harusi na waimbaji wa bendi wamevaa "Gomes" kwa zaidi ya karne moja, na wengi wao hawajui kwamba wanamtaja mtu.

Mwaka 1903, Kenneth Borup wa Uganda Company alileta mbegu za pamba. Busoga na wilaya nyingine za mashariki zikawa mashamba makubwa ya zao hilo, na mwaka 1912 reli kutoka Jinja hadi Namasagali ikaanza kufanya kazi. Nanyi mnaojifunza Kiswahili, simameni hapa kidogo. "Pamba" ni zao. "Kupamba" ni kuremba. Na katika mitaa ya Dar es Salaam vijana husema "pamba" wakimaanisha nguo nzuri za kutokea. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja. Huenda yamekutana kwa sauti tu. Lakini mashariki mwa Uganda yalikutana shambani, kiwandani na jukwaani.

Umeme wa Nile na nguo za bendi

Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Mwaka huohuo kikaanzishwa kiwanda cha Nyanza Textile Industries, kinachojulikana zaidi kama NYTIL. Pamba ambayo zamani ilisafirishwa nje na kurudi ikiwa nguo, sasa iliweza kusokotwa, kufumwa na kutiwa rangi kandokando ya Nile. Jina la mji wetu lilisafiri na vitambaa hivyo: hata leo katika maduka ya Kenya huuzwa kitambaa kigumu cha pamba kiitwacho "jinja", kishonwacho sare za shule.

Zama hizo zilikuwa pia zama za bendi za dansi katika Afrika Mashariki. Wanamuziki walisimama mstari mmoja wakiwa na suti za rangi moja, mashati ya aina moja, na viatu vilivyong'arishwa. Sare ile ilikuwa na kazi. Katika jamii ambayo wazazi wengi walimwona mpiga gitaa kuwa mhuni, suti ilisema: huyu ni mfanyakazi kama karani wa benki. Aliyeyafanya maneno hayo yasemeke alikuwa fundi wa barazani, aliyeketi nyuma ya cherehani mbele ya duka la Mhindi. Alipima mabega ya watu tisa, akakata vitambaa tisa kutoka katika jora moja, na akahakikisha mpiga ngoma anapata mikono mipana kidogo ili aweze kuinua vijiti. Huo ndio utaalamu wenyewe, na hakuna santuri iliyouandika.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wangeondoka Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Tembeeni katika Barabara Kuu ya Jinja mtazame juu ya maduka ya zamani. Mtaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi yaliyochongwa kwenye kuta. Chini ya majina hayo kulikuwa na jora za vitambaa, vifungo, nyuzi, na wauzaji waliojua ni nani aliyekuwa akimshonea nani. Mnyororo huo ulikatika katika majuma kumi na tatu. Wanamuziki waliendelea kupiga, lakini kupata kitambaa cha rangi moja cha kutosha watu tisa kukawa jambo la kutafutia watu wa magendo.

Amri, bereti na sketi

Mwaka huohuo wa 1972 ilitolewa amri iliyopiga marufuku sketi na kaptura fupi za wanawake. Baadaye wigi na suruali za wanawake nazo zikaharamishwa. Amin hakuwa peke yake. Mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU nchini Tanzania ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Nchini Zaire, Mobutu aliwataka wanaume waache suti na tai wavae abacost, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ianguke". Na jibu huko Kinshasa lilitoka kwa nani? Kwa wanamuziki. Papa Wemba na vijana wa Sape waliyafanya mavazi ya gharama kuwa bendera yao, na mtindo huo ukaenea popote muziki wa Kikongo ulipofika, hata huku kwetu.

Kwa nini watawala huhangaika na nguo za wasanii? Kwa maoni yangu ni kwa sababu msanii huigwa. Mbunge akibadili tai, hakuna anayeona. Mwimbaji akibadili kofia, baada ya mwezi mmoja kofia ile iko sokoni. Mfano wa karibu ni bereti nyekundu. Mwimbaji Bobi Wine, ambaye ni Robert Kyagulanyi, aliifanya alama ya kundi lake la kisiasa. Septemba 2019 bereti nyekundu ikaorodheshwa katika gazeti rasmi la serikali miongoni mwa mavazi ya jeshi ambayo raia hawaruhusiwi kuyavaa. Iwapo mnaunga mkono upande huu au ule si hoja ya makala haya. Hoja ni kwamba kofia ya jukwaani ilijadiliwa kama suala la usalama wa taifa.

Mfano mzito zaidi ni Sheria ya Kuzuia Ponografia, iliyotiwa saini Februari 2014. Mitaani iliitwa "sheria ya sketi fupi". Baada yake ziliripotiwa habari za wanawake waliovuliwa nguo hadharani na makundi ya watu waliojifanya mahakimu. Novemba mwaka huo, mwimbaji Jemimah Kansiime, ajulikanaye jukwaani kama Panadol wa Basajja, alikamatwa pamoja na meneja wake kwa sababu ya video ya wimbo. Alikaa rumande katika gereza la Luzira kwa wiki kadhaa.

Sheria ile haikumgusa mwimbaji peke yake. Iliwagusa pia waliosaidia kutengeneza kilichokatazwa. Ajabu! Bango la tamasha halikuwa na nafasi ya kumtaja aliyechagua nguo, lakini hati ya mashtaka ilikuwa na nafasi yake. Tarehe 13 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya msingi vya sheria hiyo. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba ufafanuzi wake wa kosa haukuwa wazi. Ikumbukeni kanuni hii: raia ana haki ya kujua mapema ni tendo gani ni kosa. Asiyejua mpaka uko wapi hawezi kulaumiwa kwa kuuvuka.

Simaanishi kwamba kila vazi ni sawa kila mahali. Katika Kiswahili tuna neno "staha", na jamii isiyo nalo ni jamii maskini. Lakini staha hufundishwa na mama, somo, mwalimu na kioo. Ikikabidhiwa kwa umati wenye hasira barabarani, hugeuka ukatili.

Kazi yenyewe leo

Tangu mwaka 2015 Jinja imekuwa pia mji wa tamasha la Nyege Nyege. Jina hilo, kwa wenye Luganda, linahusu hamu ya kucheza inayomkamata mtu ghafla. Katika Kiswahili lina maana isiyosemwa mbele ya wakwe, hivyo nawasihi msilitumie katika insha. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 wabunge walitaka lisimamishwe, nalo likafanyika. Kila mara hoja ilirudi palepale: muziki, miili na mavazi. Katikati ya mabishano hayo wapo vijana wanaopata riziki kwa kuwavisha wanaopanda jukwaani, na binti yetu ni mmojawapo.

Nilimwomba anieleze kazi yake hatua kwa hatua. Kwanza husikiliza wimbo, tena mara nyingi, kabla ya kufikiria nguo. Kisha huuliza: onyesho ni la mchana au usiku? Ni jukwaa la mbao au ni nyasi? Kuna kamera? Mistari myembamba huchezacheza kwenye video, na nguo ya kijani hupotea ikiwa mpiga picha ametumia pazia la kijani. Hupima kifua, kiuno na nyonga, lakini hupima pia mwimbaji akiwa ameinua mikono na akiwa amechuchumaa, kwa kuwa nguo inayopendeza mbele ya kioo inaweza kupasuka kwenye kiitikio cha pili. Hutafuta kitambaa ambacho hakionyeshi jasho. Huweka nguo ya akiba. Katika mkoba wake mna sindano, nyuzi za rangi tano, pini, mkasi, chaki, utepe wa kupimia, na viatu vya raba kwa ajili ya mwimbaji atakayeshindwa na visigino virefu.

Nguo huzipata wapi? Nyingi ni mitumba, au mivumba kama tunavyosema huku. Koti la Ulaya hukatwa mikono, likatiwa kitenge mgongoni, na kuwa kitu ambacho mwenyewe wa kwanza asingekitambua. Agosti 2023, akiwa Mbale katika eneo la viwanda la Sino-Uganda, Rais Museveni alitangaza kwamba nguo za mitumba zingepigwa marufuku, akisema ni nguo za watu waliokufa na kwamba zinaua viwanda vya ndani. Mantiki ya kulinda viwanda haiwezi kudharauliwa na mtu wa Jinja anayeikumbuka NYTIL ya zamani. Lakini binti yangu aliuliza swali la haki: "Mwalimu, viwanda vitanipa kitambaa kizuri kwa bei ninayoweza kuilipa kabla ya kunifungia soko, au baadaye?" Mchango wake ndio ambao wapanga sera wangeuhitaji, iwapo wangejua kwamba yupo.

Nami nikampa mambo mawili ya sheria, nanyi myaandike daftarini. La kwanza: Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nyuma ya jukwaa, ngoma zikilia, ni mchanga wa kujengea nyumba. Andikeni kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na lini, nguo zikichanika nani atalipa, na jina la nani litatajwa. La pili: mwimbaji akitaka ngozi ya mbega kwa video yenye sura ya imbalu, msiinunue kichochoroni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kumiliki sehemu za mnyama anayelindwa bila kibali. Kitambaa chenye manyoya meusi na meupe kitatosha mbele ya kamera, na mbega atabaki mtini.

Basi jina lake ni nani?

Nilirudi katika kamusi, na nikakuta neno limelala humo siku nyingi: mpambe. Mpambe ni yule anayepamba, hasa anayemwandaa na kumrembesha bibi harusi. Vilevile ni msaidizi anayesimama karibu na mkubwa, akamfuata popote aendapo. Neno hili lina vyote viwili: ufundi wa kuremba na uaminifu wa kusimama nyuma. Nikamwandikia: "Wewe ni mpambe wa wasanii."

Jibu lake lilinifunza kwamba mwanafunzi mwema humpita mwalimu. "Ahsante, Mwalimu. Lakini magazeti ya Tanzania huwaita 'wapambe' watu wanaomfuata mwanasiasa na kumsifu kwa ajili ya maslahi yao. Sitaki kuwa mpambe wa namna hiyo. Mimi huwaambia waimbaji nguo ikiwa mbaya."

Ana haki. Neno limechafuliwa na matumizi, kama nguo nyeupe iliyoazimwa mara nyingi. Lakini neno, kama nguo, huweza kufuliwa, na anayelifua ni yule anayelivaa kwa kazi safi. Wahenga wametuachia methali mbili. Ya kwanza: chanda chema huvikwa pete. Tunaisema tukimsifu mwenye chanda, wala hatumuulizi sonara jina lake. Ya pili: usione vyaelea, vimeundwa. Mwimbaji anapoelea juu ya jukwaa la Jinja au Mbale, kuna aliyeiunda jahazi ile, pini kwa pini.

Juzi aliniletea picha ya bango la onyesho dogo la shule jirani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya jina la mpiga picha, paliandikwa: "Mpambe," kisha jina lake. Ameniambia kwamba malipo pia yaliandikwa, safari hii kabla ya onyesho.

Msamiati

Aghalabu: mara nyingi, kwa kawaida.
Jora: kitambaa kirefu kilichokunjwa, kabla hakijakatwa.
Merikani: kitambaa cheupe cha pamba kisicho na nakshi.
Rumande: hali ya kuwekwa kizuizini kabla ya hukumu.
Santuri: sahani ya kurekodia na kuchezea muziki.
Somo: mwanamke anayemfunda msichana au bibi harusi.
Sonara: fundi wa kutengeneza vito vya dhahabu na fedha.
Staha: heshima na adabu katika mwenendo na mavazi.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anasema bigwala iliguswa na sheria ambayo haikuitaja. Tajeni sheria nyingine iliyowagusa watu ambao haikuwakusudia.
2. Je, nani anapaswa kuamua vazi la msanii jukwaani: msanii, mpambe, hadhira, au serikali? Toeni sababu.
3. Mwulizeni mzee mmoja nyumbani ni nani aliyeshona nguo yake ya harusi. Andikeni aya moja kuhusu fundi huyo, na mkiruhusiwa, mtajeni kwa jina.